Mwendo, Hesabu na Usalama katika Elimu ya Awali: Uchambuzi kutoka Morogoro na Milima ya Uluguru

Namna mtoto wa miaka 4 hadi 6 anavyojifunza kuhesabu, kuutawala mwili wake na kujikinga na hatari hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni masuala matatu yasiyohusiana: hesabu huachiwa mwalimu na ubao wake, mwendo huchukuliwa kuwa sehemu ya mapumziko, na usalama hutajwa pale ajali inapotokea au askari wa usalama barabarani wanapoitembelea shule. Uchambuzi huu unatetea hoja kwamba kwa mtoto wa umri huo mambo hayo matatu hukua pamoja, kwa kuwa yote yanadai uwezo mmoja wa msingi, yaani uwezo wa kusimama, kuzingatia kitu kimoja na kutenda kwa mpangilio. Hata hivyo, kuyaunganisha kunafaa tu pale masharti mawili yanapotimizwa: somo litokane na hatari halisi za njia anayoipita mtoto, na watu wazima wasilitumie kuuhamishia mabegani mwa mtoto wajibu ambao ni wao.

Mahali na hatari zake

Morogoro ni mahali panapofaa kulipima suala hili, kwa sababu ndani ya mwendo wa saa chache mtu hukutana na mazingira ya aina mbili yanayomdai mtoto mambo tofauti. Mji umekaa chini ya Milima ya Uluguru, ambayo ni sehemu ya Tao la Mashariki, na kilele cha Lupanga chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100 kinautazama kutoka juu. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Iringa na nchi jirani hupita hapo, na eneo la Msamvu, penye stendi kuu ya mabasi, hukusanya mabasi, malori, bodaboda na waenda kwa miguu mahali pamoja. Tangu Juni 2024 mji huo umeunganishwa pia na treni ya reli ya kisasa, iliyojengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, ilhali wakazi wengi wana mazoea ya reli ya zamani ambayo treni yake husikika muda mrefu kabla haijafika.

Milimani hali ni nyingine. Mtoto wa Kinole, Matombo au Nyandira hupita vijia vya mteremko kati ya mashamba, huvuka vijito vinavyoelekea mito ya Ruvu, Mgeta au Ngerengere, na katika msimu wa masika hukuta njia imegeuka kuwa utelezi. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa iliyonyesha kwa saa chache eneo la Mgeta ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, mengi yake kwenye miteremko iliyolimwa au yenye nyasi, na machache sana ndani ya msitu. Kwingineko mkoani, wilayani Kilosa, mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi. Hatari za mkoa huu, kwa hiyo, zinajulikana na zina majina, na mtaala unaotaka kumlinda mtoto hauna haja ya kuazima mifano ya mbali.

Ipo pia kumbukumbu nzito ya tarehe 10 Agosti 2019, siku ambayo lori la mafuta lililopinduka eneo la Msamvu lililipuka na kuua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamelikaribia. Msiba huo unakumbusha jambo ambalo elimu ya usalama haiwezi kulikwepa: hakuna mtu mzima asiyejua kwamba petroli huwaka, lakini kujua ni jambo moja, na kuwa na mazoea ya kurudi nyuma mbele ya hatari, wakati wengine wote wanasogea mbele, ni jambo jingine. Mazoea ya namna hiyo hujengwa kwa kutenda mara nyingi, na umri wa kuanza kuyajenga ni ule wa elimu ya awali.

Sera, mtaala na idadi ya watoto

Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika mfumo wa elimu wa Tanzania na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, kisha Sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Utekelezaji wa elimumsingi bila ada ulipoanza Januari 2016, idadi ya watoto wa awali walioandikishwa nchini iliruka kutoka zaidi kidogo ya milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 katika mwaka mmoja. Mafanikio hayo yalikuja na mzigo wake: kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule za serikali wastani wa miaka iliyofuata ulipita watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa.

Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulitaja umahiri mkuu sita, yaani kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati, nao ulisisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa michezo na kwa kona za ujifunzaji, ambazo ni sehemu za darasa zilizotengwa kwa shughuli maalumu. Mitaala iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza Januari 2024, imeendeleza msisitizo wa umahiri, yaani kupima kile mtoto anachoweza kufanya badala ya kile anachoweza kukariri. Katika orodha ile ya umahiri sita, usalama haukusimama peke yake, wala mwendo haukusimama peke yake. Jambo hilo linaweza kuonekana kama upungufu, lakini kwa mwalimu anayelielewa ni nafasi, kwa kuwa kitu kisicho na kipindi chake chaweza kuingia katika vipindi vyote, mradi mtu fulani akumbuke kukiingiza.

Mtoto anahesabu nini anapohesabu

Mtoto anayetamka moja hadi kumi bila kukosea hajathibitisha bado kwamba anajua kuhesabu. Mwaka 1978 wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel wa Marekani walibainisha kanuni tano zinazounda tendo la kuhesabu. Ya kwanza ni ulinganifu wa kimoja kwa kimoja, maana yake kila kitu kipewe namba moja wala kisirukwe. Ya pili ni mpangilio thabiti, kwamba namba hufuatana vilevile kila mara. Ya tatu ni kanuni ya idadi, kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla ya kundi zima. Ya nne ni kwamba chochote chaweza kuhesabiwa, kiwe jiwe, sauti au hatua, na ya tano ni kwamba mahali pa kuanzia hapabadili jumla.

Mtoto anayezungumza Kiswahili ana kazi ya ziada katika kanuni ya nne, ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya lugha nyingine haviitaji. Namba moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa, hivyo mtoto husikia watoto wawili, mawe mawili, vijiti viwili na hatua mbili, na hana budi kugundua kwamba maumbo hayo yote yanataja idadi ileile, wakati sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mwalimu anayewafanya watoto wahesabu vitu vya ngeli mbalimbali kwa mikono na miguu yao, wakichukua mawe matatu, vijiti vitatu na kupiga hatua tatu katika kipindi kimoja, huwasaidia kuutenga wingi na jina la kitu, jambo ambalo kuimba orodha ya namba peke yake hakulitimizi.

Hapo ndipo mwendo unapoingia kama chombo cha fikra. Katika kupiga hatua, kila hatua hudai namba yake, na mtoto anayetamka namba mbili kwa hatua moja huuhisi mgongano huo mwilini kabla mtu hajamsahihisha. Utafiti wa Geetha Ramani na Robert Siegler uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba watoto wa familia zenye kipato kidogo nchini Marekani, waliocheza mchezo wa ubao wenye miraba ya namba 1 hadi 10 kwa vipindi vinne vifupi, waliongeza uelewa wao wa ukubwa wa namba, ilhali wenzao waliocheza mchezo wa aina hiyohiyo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani, wakiongozwa na Ursula Fischer, walikuta kwamba watoto wa chekechea waliolinganisha namba kwa kusogea kushoto au kulia kwenye mkeka wa kielektroniki walipiga hatua zaidi kuliko waliofanya zoezi kama hilo bila kusogeza mwili. Matokeo hayo mawili yanafundisha jambo moja lenye mpaka: mwendo husaidia hesabu pale mwendo wenyewe unapobeba namba, na kurukaruka kusikohusiana na namba hubaki kuwa mazoezi ya viungo tu.

Mazoezi ya viungo nayo hayapaswi kudharauliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 awe katika shughuli za mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, na kati yake dakika 60 ziwe za nguvu ya kati au kubwa. Mtoto wa Nyandira anayepanda mlima kwenda shule na kurudi huenda akakikaribia kiwango hicho hata kabla ya mchezo, lakini mtoto anayepelekwa kwa bodaboda na kukaa katika darasa lililojaa, ambamo kukaa kimya ndiko kunakohesabiwa kuwa nidhamu, yuko mbali nacho.

Usalama hufundishwa kwa miguu

Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, alihitimisha kwamba watoto wadogo hawawezi kufinyangwa na mafunzo hadi waendane na msongamano wa magari, kwa sababu uwezo wao wa kuona pembeni, kutambua sauti inatoka wapi na kugawa uzingativu bado haujakomaa, na kwa hiyo ni barabara inayopaswa kubadilishwa. Baadaye James Thomson na wenzake wa Scotland walionyesha upande wa pili: watoto wa miaka 5 hadi 7 waliofundishwa ukingoni mwa barabara halisi, katika vikundi vidogo vilivyosimamiwa na wazazi waliojitolea, waliboresha namna yao ya kuchagua mahali pa kuvukia. Mpango uliozaliwa na kazi hiyo katika mtaa wa Drumchapel mjini Glasgow ulienezwa baadaye katika maeneo mengine ya Uingereza.

Mapitio ya 2002 yaliyokusanya majaribio 15 ya mafunzo ya waenda kwa miguu yalikuta kwamba mafunzo hayo huongeza maarifa na hubadili mwenendo, lakini hakuna jaribio hata moja kati ya hayo lililopima kama majeruhi walipungua. Matokeo ya watafiti hawa wote yakisomwa pamoja hayapingani. Mtoto anafundishika, anafundishika kwa kutenda zaidi kuliko kwa kuambiwa, na mafunzo yake hayatoshi kumlinda iwapo barabara yenyewe imeachwa ilivyo.

Kiungo kati ya mafunzo hayo na hesabu ni kile ambacho wataalamu wa makuzi hukiita udhibiti wa nafsi, yaani uwezo wa mtoto kuzuia tendo lililokwisha kumjia mwilini ili afuate kanuni aliyoishika akilini. Mtoto anayekimbilia mpira ulioingia barabarani na mtoto anayeruka kitu kimoja katika kuhesabu wameshindwa jambo la aina moja, kwani wote wawili wameenda kabla ya wakati. Michezo ya kusimama na kwenda kwa ishara hujenga uwezo huo, na watoto wa Tanzania wana hazina yake: katika rede mchezaji hukwepa mpira huku akihesabu, katika mdako kokoto hurushwa na kudakwa kwa idadi, katika kuruka kamba wenzake huhesabu mizunguko, na katika kuruka vyumba vilivyochorwa ardhini hukumu ya mchezo iko kwenye mguu uliokanyaga mstari. Mtaala unaotafuta vifaa una vifaa hivyo tayari, tena bila gharama.

Somo moja kwa karibu

Somo jumuishi linaweza kutazamwa katika kipindi kimoja cha dakika 20 uwanjani. Mwalimu anachora kwa majivu mistari miwili sambamba yenye nafasi ya mita 7 kati yake, ambao ni upana wa kawaida wa barabara ya njia mbili, na kukatiza mistari hiyo anachora milia ya kivuko. Watoto wachache ni magari, wanaotembea wakiwa wameshika kipande cha boksi kama usukani. Wengine ni waenda kwa miguu. Waliobaki ni waangalizi, na kazi yao ni kuhesabu. Mwenda kwa miguu anafika mstarini, anasimama miguu yote miwili pamoja, anatazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, kwa kuwa nchini Tanzania magari hupita kushoto na gari lililo karibu zaidi na anayeanza kuvuka hutokea kuliani kwake. Njia ikiwa tupu pande zote mbili, anavuka kwa kutembea. Waangalizi wanahesabu kwa sauti hatua zake tangu mstari wa kwanza hadi wa pili.

Hatua ya mtoto wa miaka 5 ikikadiriwa kuwa nusu mita, kuvuka huko kunahitaji takribani hatua 14, idadi inayovuka kumi na kuwalazimisha watoto waingie katika kumi na moja, kumi na mbili na kuendelea, mahali ambapo wengi wao husitasita. Mwalimu kisha anavuka yeye mwenyewe, na watoto wanakuta kwamba hatua zake hazifiki hata kumi. Barabara haikupungua upana, ila miguu ni mirefu zaidi. Hapo mtoto amekutana na wazo la kipimo, kwamba idadi hutegemea ukubwa wa kipimo kinachotumika, na papo hapo amekutana na ukweli wa usalama, kwamba yeye hukaa barabarani muda mrefu kuliko mtu mzima anayemwona akivuka upesi.

Hesabu ya watu wazima kuhusu barabara hiyohiyo inaonyesha ukubwa wa jambo. Mtoto anayetembea mita 1 kwa sekunde huhitaji sekunde 7 kuimaliza. Katika sekunde hizo gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husafiri mita 58, linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takribani mita 97, linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 150, na treni ya kilomita 160 kwa saa husafiri zaidi ya mita 300. Hakuna mtoto wa awali awezaye kukadiria mambo hayo, wala hapaswi kuombwa ayakadirie, na ndiyo maana kanuni anayopewa haina budi kuwa fupi isiyohitaji makadirio: gari likionekana linakuja, subiri, na relini usipite ila kwenye kivuko kilichojengwa, ukiwa na mkubwa wako.

Mahali ambapo kuunganisha hudhuru

Somo jumuishi lina mitego, na lisipochunguzwa laweza kufundisha kinyume cha lilichokusudia. Mtego wa kwanza ni uzingativu. Kuhesabu hatua uwanjani ni kazi ya waangalizi, wala si ya anayevuka, kwa sababu mtoto anayehesabu hatua zake katikati ya barabara halisi ameelekeza akili miguuni wakati macho yalipaswa kuwa kwa magari. Mwalimu anapaswa kutenganisha waziwazi mahali pa kuhesabu na mahali pa kutazama.

Mtego wa pili ni mbio. Michezo mingi ya watoto humpa ushindi anayewahi, ilhali usalama barabarani humtaka mtoto achelewe, kwa hiyo mchezo unaompa pointi aliyevuka kwanza unamfundisha kosa lilelile ambalo mwalimu anataka kuling'oa. Ushindi uende kwa aliyesimama vizuri mstarini. Mtego wa tatu ni ujasiri wa uongo. Gari la boksi husimama likiambiwa, na dereva wake ni rafiki, na mtoto aliyefanya zoezi mara nyingi uwanjani anaweza kuamini kwamba milia ya kivuko ina nguvu ya kusimamisha lori. Dawa yake ni kupanga baadhi ya magari ya boksi yasisimame kivukoni, ili mtoto azoee kusubiri gari lisimame kabisa kabla ya kunyanyua mguu, kisha zoezi lihamie ukingoni mwa njia halisi kwa vikundi vidogo vilivyoshikwa mikono na watu wazima.

Mto, mteremko na hesabu ya wenzao

Kwa watoto wa milimani somo la kivuko cha milia halipaswi kufutwa, kwa kuwa nao hushuka mjini siku za gulio na sikukuu, lakini moyo wa somo lao uko kwenye maji na mteremko. Shirika la Afya Duniani huwataja watoto wadogo miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji, na vijito vya Uluguru vina tabia inayoongeza hatari hiyo, kwani mvua ikinyesha juu kwenye msitu, maji hupanda chini mahali ambapo jua bado linawaka. Mtoto hawezi kuisoma mvua asiyoiona, ila anaweza kufundishwa dalili mbili: maji yaliyogeuka rangi kuwa tope hayavukwi, na jiwe la kukanyagia likifunikwa, njia imefungwa. Hapa mwalimu anaweza kuweka uwanjani mawe matano yaliyopangwa kama kivuko, akafunika moja baada ya jingine kwa kitambaa, na watoto wakahesabu yaliyobaki, wakijifunza kutoa kwa njia ya awali kabisa, huku kanuni ikiwa kwamba likifunikwa hata moja, hakuna anayepita.

Hesabu yenye thamani kubwa kuliko zote kwa watoto wanaotembea pamoja ni hesabu ya wenzao. Watoto wanane wakitoka shuleni, mmoja anawahesabu wote pamoja na yeye mwenyewe, wanahesabiana tena kabla ya mto na baada ya mto. Kosa ambalo karibu kila mtoto hulifanya mwanzoni, la kusahau kujihesabu, linawapa fursa ya kuzungumzia ulinganifu wa kimoja kwa kimoja kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuifikia. Walikuwa wanane, sasa ni saba: kanuni ya idadi, ambayo kwenye ubao ni jambo la kukariri, hapa inadai tendo, kwani kuna mtu amebaki nyuma na hana budi kutafutwa kwa kumwita mtu mzima.

Namba nyingine zinazostahili kuingia katika kumbukumbu ya mtoto ni zile za msaada, yaani 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji, na 116 ya huduma ya simu kwa watoto. Namba hizi hazihesabu kitu chochote, na mwalimu anapaswa kulieleza hilo, kwamba namba wakati mwingine ni jina, kama ilivyo kwenye mlango wa nyumba au ubavuni mwa basi. Zote tatu huanza na tarakimu moja iliyorudiwa mara mbili na kutofautiana mwishoni, hivyo mtoto hukariri tarakimu moja tu kwa kila huduma. Kwa kuwa hatari kwa mtoto hutoka pia kwa watu, wakiwamo wale anaowajua, namba ya 116 inapaswa kufundishwa pamoja na ujuzi wa kukataa, kuondoka na kusema kwa mtu anayeaminika.

Mwalimu mmoja, watoto wengi

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya somo la namna hii ni idadi ya watoto. Mwalimu mwenye watoto 100 anaweza kuona kwamba kuwatoa nje ni kuwatafutia ajali nyingine, na wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, darasa lenye watoto 100 halina nafasi ya kona za ujifunzaji wala ya mtoto kunyoosha mikono, na uwanja ndio chumba pekee cha shule kinachowatosha wote. Kugawa watoto katika makundi ya magari, wavukaji na waangalizi ni mbinu ya kuongoza darasa kubwa, kwa kuwa kila mtoto ana kazi, na ishara ya kusimama iliyozoeleka katika mchezo ndiyo itakayomsaidia mwalimu siku ya dharura.

Vyuo vya ualimu vya mkoa, kama vile cha Kigurunyembe mjini Morogoro na cha Ilonga wilayani Kilosa, vina nafasi ya kumwandaa mwalimu ajiamini nje ya kuta nne. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, nayo inataja ulinzi na usalama pamoja na ujifunzaji wa awali miongoni mwa nguzo za malezi. Nyumbani, mwalimu wa kweli wa njia ni yule anayetembea na mtoto. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na bibi na mjomba wana sauti katika malezi, kwa hiyo mkutano wa shule unaowaita baba na mama peke yao unaweza kuwaacha nje watu ambao mtoto huwatii na ambao humvusha mto.

Wajibu usiohamishika

Mtoto aliyefundishwa vizuri bado ni mtoto. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani barani Afrika, lilitathmini maeneo ya shule za msingi jijini Dar es Salaam na kuyaboresha kwa njia za waenda kwa miguu, matuta ya kupunguza mwendo, alama na vivuko, sambamba na kuwafundisha wanafunzi. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba majeruhi walipungua kwa takribani asilimia 26 katika maeneo yaliyofikiwa, na mwaka 2019 mpango huo ulipata Tuzo ya Ross ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Mafanikio hayo yalipatikana pale elimu ya mtoto ilipokutana na saruji, rangi na kibao cha mwendo.

Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo waenda kwa miguu na magari huchangamana mara kwa mara, na hesabu ya sekunde 7 iliyofanywa hapo juu inaonyesha sababu yake. Barabara yenye mwendo wa kilomita 50, ambao ndio ukomo wa kawaida wa maeneo ya makazi nchini, bado inamdai mtoto zaidi ya anachoweza. Milimani, wajibu sawa na huo ni wa kujenga madaraja madogo ya waenda kwa miguu na kusogeza madarasa karibu na watoto. Ujenzi wa madarasa 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo tanzu zilizo karibu na makazi, ulioanza 2021 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, ulikuwa kwa maana hiyo pia mradi wa usalama, kwa sababu kila kilomita inayopunguzwa ni mito na barabara ambazo mtoto hatazivuka tena.

Kinachobaki kuamuliwa ni kipimo. Somo linalounganisha mwendo, hesabu na usalama litapoteza maana likipimwa kwa wimbo wa namba au kwa jibu la pamoja la darasa zima. Kipimo chake kinapaswa kuwa tendo la mtoto mmoja mmoja: je, anasimama mstarini bila kuambiwa, anatazama kulia kwanza, anaweza kuwahesabu wenzake akajihesabu na yeye, anarudi nyuma maji yakibadilika rangi? Na kwa kuwa mtoto hawezi kubeba peke yake matokeo ya mtihani huo, halmashauri, wakala wa barabara na kamati ya shule wapimwe siku hiyohiyo kwa maswali yao: kivuko kipo, mwendo umepunguzwa, daraja limejengwa? Shule ya awali itakayouliza maswali ya pande zote mbili itakuwa imemfundisha mtoto kuhesabu, na itakuwa imewakumbusha wakubwa kwamba naye ni wa kuhesabiwa.